Kabla Hujakaza, Jifunze Kufungua: Plagi, Sensa na Ekzosi kwa Mwenye Gari Nyumbani

Kifaa kipya cha gari kikikataa kukaa, mara nyingi kosa lilishafanyika wakati wa kutoa kile cha zamani. Plagi ilifunguliwa injini ikiwa ya moto, ikatoka na meno ya silinda hedi. Bolti ya ekzosi ililazimishwa kwa mpini mrefu mpaka ikakatikia ndani. Waya wa sensa ulivutwa wakati kufuli yake haijabonyezwa. Kazi ya asubuhi moja ikaishia kwa gari kuvutwa hadi gereji, na gharama ikawa mara kadhaa ya ile mwenye gari aliyotaka kuikwepa. Anayetaka kufanya matengenezo madogo nyumbani basi aanze kwa kujifunza kufungua. Akishajua hilo, kufunga ni kurudi kwa njia ile ile aliyokwendea.

Mfano wa makala haya ni gari tunalopishana nalo kila siku: Toyota ndogo ya petroli iliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, kama IST, Vitz, Probox au Fielder. Mengi ya magari haya yana injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497, yenye plagi nne na koili nne zinazokaa moja kwa moja juu ya plagi hizo. Chini yake ekzosi inaanzia kwenye manifoldi, inapita kwenye masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi, inafuata bomba la kati na kuishia kwenye mafla nyuma. Aliyelielewa gari hili hatapotea kwenye magari mengine ya petroli ya umri huo.

Ya nyumbani na ya fundi

Si kila kilichochakaa ni cha kufunguliwa uani. Kazi ambazo mtu makini mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuzifanya ni hizi: plagi na koili, kichungi cha hewa, themostati, gasketi ya tapeti kava, raba za kuning'inizia ekzosi, mafla ya nyuma, na sensa ya oksijeni ikiwa inafikika kwa mkono. Kazi za kuacha ni cheni ya taiming, silinda hedi, mabomba ya gesi ya kiyoyozi, na nozeli za dizeli. Kwenye magari ya haibridi kama Prius na Aqua, usiguse kabisa nyaya nene za rangi ya chungwa. Zina umeme wa volti nyingi unaoweza kuua.

Manifoldi iko katikati ya makundi haya mawili. Kwenye IST na Vitz imekaa nyuma ya injini, upande wa dereva na abiria, mahali pembamba pasipo na nafasi ya kuzungusha mkono. Stadi zake hupikwa na moto miaka yote ya gari, na moja ikikatikia ndani ya hedi itabidi ichimbwe kwa drili. Kama hujawahi kutoa stadi iliyokatika, manifoldi mpelekee fundi.

Usalama kabla ya ufundi

Jeki ni ya kuinua tu. Ya kushikilia gari ni stendi. Jeki inayokuja kwenye buti imetengenezwa kwa kubadilishia tairi, na hakuna sababu yoyote ya kumfanya mtu aingize kichwa chini ya gari linaloshikiliwa nayo peke yake. Matofali ya saruji yaache ya kujengea. Hubeba uzito kwa muda, kisha hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Nunua stendi mbili za chuma, na kama uwanja wako ni wa mchanga, weka ubao mpana chini ya kila stendi isizame. Gari likishakaa, lisukume kwa nguvu ukiwa nje. Likitikisika, lishushe uanze upya.

Jambo moja husahaulika: kwenye magari haya hendibreki inashika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma ili kutoa mafla, hendibreki haishiki tena chochote. Kwa hiyo weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na gia iwe kwenye P.

Kwa plagi na koili, kuzima swichi na kutoa ufunguo kunatosha. Kwa stata, oltaneta, au kazi yoyote ya kuchomelea, tenganisha betri, ukianza na waya wa hasi na kuurudisha wa mwisho. Lakini fahamu kwamba baadhi ya redio za Kijapani hujifunga betri ikitolewa, zikadai namba ya siri. Ulizia kuhusu redio yako mapema.

Plagi: kazi ya injini baridi

Silinda hedi ni ya alumini, na meno yake ni laini kuliko ya plagi iliyotengenezwa kwa chuma. Injini ikiwa ya moto, meno hayo huharibika kwa urahisi zaidi. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya injini bila kukitoa. Asubuhi kabla gari halijawashwa ndio wakati mzuri zaidi.

Ondoa kifuniko cha plastiki. Bonyeza kufuli ya soketi ya waya kwenye kila koili, ichomoe bila kuvuta waya wenyewe. Bolti ya koili hufunguliwa kwa spana namba 10. Izungushe koili kidogo kushoto na kulia, ndipo uivute juu. Kabla ya kugusa plagi, puliza vumbi lililomo kwenye shimo lake, hata kwa pampu ya baiskeli. Punje ya mchanga ikidondoka ndani ya silinda, itabaki ikikwangua ukuta wake.

Soketi ya plagi za injini hizi ni namba 16, yenye raba ndani ya kuishika plagi isianguke. Legeza taratibu. Ikianza kuzunguka kisha ikakaza tena, usiendelee kuilazimisha. Irudishe ndani kidogo, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha nenda mbele na nyuma mpaka ijiachie. Zipange plagi juu ya kadibodi kwa namba, kuanzia 1 hadi 4, kwa sababu kila moja ina habari ya silinda yake.

Hapa ndipo wengi wanapoitupa faida waliyoitolea jasho. Plagi ya zamani si takataka mpaka uisome. Ncha ya rangi ya kijivu au kahawia hafifu inaonyesha injini inaunguza vizuri. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli nyingi au hewa kidogo: angalia kichungi cha hewa kwanza, kisha sensa. Ncha iliyolowa oili inaelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Ncha nyeupe yenye malengelenge ni dalili ya joto kupita kiasi. Na kama tatu ni za kahawia na moja ni nyeusi, tatizo liko kwenye silinda hiyo moja, au kwenye koili yake. Hamisha koili hiyo kwenye silinda nyingine uone kama kasoro inahama nayo. Jaribio hilo halina gharama, na linaweza kukuepusha na kununua koili nne kwa ubovu wa moja.

Ukikuta oili imejaa kwenye shimo la plagi, nje ya silinda, ringi hazihusiki. Gasketi na sili za tapeti kava zimekauka na kuvujisha. Hiyo ni kazi ndogo. Usikubali mtu akuambie injini inataka kufunguliwa yote kwa sababu hiyo.

Plagi mpya ianze kwa vidole. Kipande cha mpira wa bomba kilichovishwa juu ya plagi kinafaa sana, kwani meno yakipishana mpira utateleza kabla hujaharibu kitu. Ikishagusa kitako, plagi mpya yenye washa huongezwa nusu mzunguko au zaidi kidogo. Anayemiliki spana ya kupimia nguvu akaze kati ya niutoni mita 18 na 25. Usipake mafuta wala grisi kwenye meno, maana yakiteleza utakaza kupita kiasi bila kujua. Na usizikwangue plagi za iridiamu kwa brashi ya waya. Ncha yake ni nyembamba mno, na plagi nzuri ya aina hiyo hudumu takriban kilomita 100,000 bila kuguswa.

Neno juu ya themostati

Kuna mazoea ya kuitoa themostati na kutorudisha nyingine, kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Hoja hiyo haishiki. Themostati huisaidia injini kufika haraka kwenye joto lake la kazi, ndipo huyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta. Isipokuwepo, injini hukawia kwenye ubaridi, kompyuta ya gari huongeza petroli ikidhani gari limewashwa sasa hivi, na vyuma husagika zaidi. Ukiitoa iliyokufa, rudisha nyingine nzima. Na kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyo kwenye mgandamizo yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100, na ukikifungua yanakurukia usoni.

Ekzosi huoza kutoka ndani

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji ya karibu lita moja, yakiwa mvuke. Gari likienda mwendo mrefu mvuke wote hutoka. Likiishia dukani na kurudi, bomba halipati joto la kutosha, mvuke unageuka maji, unatulia ndani ya mafla, na ukichanganyika na asidi za moshi unakula chuma. Ndiyo maana mafla ya gari la safari fupi inaweza kutoboka mapema wakati kilomita zake ni chache. Watengenezaji wanalijua hilo, na mafla nyingi zina tundu dogo chini la kutolea maji. Ukiona linadondosha asubuhi, liache. Anayelichomelea anayafungia maji ndani.

Nje nako kuna adui wawili. Upepo wa chumvi wa Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa ni mmoja. Wa pili ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji kule Hokkaido na kaskazini mwa Japani. Gari linaweza kung'aa juu huku chini likiwa limeshaliwa tangu lilikotoka. Kabla ya kupanga kazi, lala chini na tochi uangalie nati. Zikiwa bado na pembe, kazi inawezekana. Zikiwa zimevimba kutu na kupoteza umbo, jiandae kuzikata.

Dalili za kuvuja ni rahisi kuzitambua. Sauti ya tiki-tiki gari likiwashwa asubuhi, inayopungua injini ikipata moto, mara nyingi ni gasketi ya manifoldi. Mngurumo kutoka nyuma ni mafla au kiungo chake. Alama nyeusi ya masizi kwenye kiungo inaonyesha pa kuanzia.

Kutoa mafla bila kuvunja kitu

Anza jioni ya siku iliyotangulia. Ekzosi ikiwa imepoa kabisa, safisha meno yanayoonekana kwa brashi ya waya, kisha nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu. Rudia kabla ya kulala. Usiku mzima wa mafuta unaokoa nguvu ambazo mkono hauwezi kuzitoa.

Kesho yake inua gari, weka stendi, vaa miwani. Kutu huanguka moja kwa moja machoni, na kazi hii bila miwani haifanywi. Kwenye kiungo cha bomba la kati na mafla utakuta bolti mbili, mara nyingi za namba 14, na kwenye magari mengi zina springi. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hushika ncha za nati tu, na hizo ndizo zilizokwisha kuliwa na kutu. Kwanza jaribu kukaza kidogo sana, ili kutu ivunjike, ndipo ulegeze. Ikigoma, igonge kichwani kwa nyundo mara kadhaa, paka mafuta tena, subiri. Moto wa gesi husaidia sana, lakini si karibu na tangi, mabomba ya petroli au raba, na usiuwashe kabla mafuta uliyonyunyizia hayajafutwa na kukauka.

Bolti ya kiungo ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno wa chuma, ununue mpya. Bei yake ni ndogo, na hakuna tuzo ya kuiokoa. Hesabu hiyo haifai kwa stadi iliyoingia kwenye hedi au kwenye masega. Hapo ukihisi inajinyonga badala ya kuzunguka, simama.

Kabla ya kutoa bolti ya mwisho, tegemeza bomba kwa jeki ya pili au lifunge kwa kamba, lisije likaning'inia na kuvuta sehemu ya mbele. Raba za kuning'inizia zipake maji ya sabuni, zitateleza zenyewe. Petroli na grisi huziharibu. Gasketi ya duara iliyo kwenye kiungo usiirudishe hata ikionekana nzima, kwani imeshajibana kwa umbo la bomba la zamani.

Sensa na masega

Sensa ya oksijeni hufunguliwa kwa spana namba 22 au soketi yake maalumu yenye mwanya wa kupitishia waya. Chomoa waya kwanza, usizungushe sensa waya ukiwa umefungwa. Tofauti na plagi, hii hutoka kwa urahisi bomba likiwa vuguvugu, si la kuunguza. Mpya kwa kawaida huja na grisi yake maalumu kwenye meno; usiongeze nyingine, na ncha yake isiguse chochote. Silikoni ya kuzibia gasketi isiwekwe mahali popote kwenye ekzosi mbele ya sensa. Mvuke wake huiua.

Masega nayo hulengwa na wengi. Ndani yake kuna platinamu, paladi na rodi, madini yenye bei kubwa, na ndiyo sababu yana wanunuzi. Mwenye gari akiambiwa yameziba na yatolewe, aulize maswali mawili: nani alipima, na masega ya zamani yanakwenda wapi? Kifaa kilichotoka kwenye gari lako ni mali yako, mpaka utakapoamua mwenyewe. Na aulize la tatu: kwa nini yamekufa? Masega huuawa zaidi na petroli isiyoungua, inayotoka kwenye silinda yenye plagi au koili mbovu, ikaenda kuungulia ndani yake. Anayebadilisha masega bila kuponya plagi atayabadilisha tena.

Ukanda wetu ulichelewa kunufaika nayo. Petroli yenye risasi iliyaharibu kabisa, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza ilipofika mwaka 2006. Tangu hapo hakuna sababu ya kiufundi ya kuendesha na bomba tupu. Unapoyatoboa masega unawaachia majirani na watoto wako moshi yaliyokuwa yakiusafisha.

Kununua na kuwasha

Ukienda Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi kutafuta spea, beba kifaa cha zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi. Picha ya simu haionyeshi urefu wa meno wala nafasi ya matundu. Plagi bandia zinauzwa kwenye maboksi yanayofanana sana na ya kweli, kwa hiyo linganisha uandishi, uzito na ncha na zile ulizotoa, na usikimbilie bei ya chini mno.

Ukishafunga, washa gari nje, mahali pa wazi. Monoksaidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Banda lenye mlango uliofungwa hugeuka kaburi kwa dakika chache. Sikiliza viungo, pitisha mkono kwa mbali uhisi kama kuna hewa inayopuliza, kisha zima, subiri ipoe, na ukaze tena bolti. Oili chafu na vitambaa vilivyolowa visimwagwe mtaroni. Vikusanye kwenye dumu upeleke gereji inayokusanya oili iliyotumika.

Kazi hii haimwondoi fundi katika maisha yako. Inakufanya uende kwake ukijua kilichoharibika, ukiwa na ushahidi mkononi. Anza na plagi, gari likiwa baridi na siku ikiwa haina haraka. Na pale bolti inapokuambia basi, ikubalie, uweke spana chini na umpigie fundi simu.